Kiongozi wa wanafunzi anapoombwa kuusoma ujumbe wa chuo kuhusu utofauti: asome au akatae?

Swali, kutoka kwa Makamu_wa_Wanafunzi

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni makamu wa rais wa serikali ya wanafunzi katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Marekani, na ni miongoni mwa wachache tuliotoka Afrika Mashariki kuja kusoma hapa. Wiki iliyopita ofisi ya mawasiliano ya chuo ilinitumia maneno ya video ya dakika mbili, ikaniomba niyasome mbele ya kamera kwa niaba ya wanafunzi wote kabla wanafunzi wapya hawajaripoti. Maneno yenyewe yanasema kwamba chuo ni nyumbani kwetu sote, kwamba utofauti wetu wa asili, dini, lugha na hali za maisha ndio nguvu yetu, na kwamba "kila sauti inasikika". Maneno hayo ya mwisho yamepigiwa mstari mwekundu, na pembeni mtu ameandika: hapa tabasamu.

Kinachonisumbua si tabasamu. Hii ni mara ya tatu ndani ya miezi minane kuitwa kwa ajili ya picha. Mara ya kwanza tuliketishwa watano kwenye majani mbele ya maktaba, tukaambiwa tucheke kana kwamba mmoja wetu amesimulia jambo la kuchekesha, ilhali katika wale watano nilikuwa namfahamu mmoja tu. Picha ile sasa iko kwenye ukurasa wa udahili wa tovuti ya chuo. Muhula huohuo ilipotoka, kituo kinachowasaidia wanafunzi ambao ni wa kwanza katika familia zao kufika chuoni kilipunguziwa wafanyakazi kutoka wawili hadi mmoja, na ofisi iliyokuwa ikishughulikia masuala ya utofauti ikabadilishwa jina bila baraza la wanafunzi kuarifiwa. Sisi viongozi tulilijua jambo hilo siku kibao kipya kilipobandikwa mlangoni. Sasa nikisimama na kusema kwamba kila sauti inasikika, wale waliokuja ofisini kwangu kulalamika watanielewaje?

Wenzangu katika baraza wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba nikikataa nitaufunga mlango ambao viongozi waliotutangulia walihangaika miaka mingi kuufungua, kwa kuwa leo hii tunaalikwa hata kwenye vikao vya bajeti, na wapo wanaosema kwamba nikikubali nitakuwa nimeuza uso wangu bure. Naomba wenye uzoefu wanieleze mambo mawili: mtu anaupimaje ujumbe wa namna hii hadi ajue kama una kitu ndani yake au ni pambo tu, na kiongozi wa wanafunzi anasimama wapi kati ya chuo kinachomwandikia maneno na wanafunzi waliompigia kura?

Jibu la kwanza, kutoka kwa Karani_wa_Matamko

Ndugu Makamu, nilifanya kazi miaka tisa katika ofisi ya mawasiliano ya chuo kimoja huko huko Marekani, na maandishi ya aina uliyotumiwa nimeyaandika mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nikueleze yanavyozaliwa, maana ukishajua hivyo hutayasoma tena kwa jicho lilelile.

Rasimu ya kwanza huandikwa na mtu mmoja, mara nyingi kijana, tena anayeamini anachokiandika. Ikitoka mikononi mwake hupita kwa mkuu wa ofisi, kwa mwanasheria wa chuo, kwa wanaoshughulika na wafadhili, na mwisho kwa msaidizi wa rais wa chuo, na kila anayeigusa huipunguza kidogo. Nakumbuka rasimu yangu moja iliyokuwa ikisema: "Tulishindwa kuwalinda wanafunzi wetu, na kufikia Oktoba tutakuwa tumeajiri washauri nasaha wawili." Mwanasheria alikifuta kile kitenzi "tulishindwa" kwa hofu kwamba siku moja kingesomwa mahakamani, mtu wa fedha akaufuta mwezi, na msaidizi wa rais akaiondoa idadi ya washauri. Ilipotoka kwa wanafunzi ilisema: "Tunatambua kwamba safari bado ni ndefu, na tunaendelea kujizatiti kuboresha huduma zetu." Katika mlolongo ule wote hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alitimiza wajibu wake, na kilichobaki kilikuwa sentensi isiyomdai mtu yeyote chochote.

Kwa hiyo mimi huupima ujumbe kwa kutafuta ni nani atafanya nini, lini, na kwa fedha za fungu gani. Hayo yasipokuwemo, jua kwamba ama hayakuwahi kuwemo au yaliondolewa njiani, na una haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Usidanganywe na ukali wa maneno, kwa sababu tamko linaloweza kulia machozi kurasa mbili linaweza lisimfunge mtu hata kwa shilingi moja, na waraka mkavu wa mistari minne kutoka kwa msajili, unaosema kwamba kuanzia muhula ujao mwanafunzi anaweza kuahirisha mtihani unaogongana na sikukuu ya dini yake, umebeba utofauti mwingi kuliko video yako nzima.

Kuna jambo jingine linalokuhusu wewe binafsi, na nadhani hukuwahi kuelezwa. Katika takwimu ambazo vyuo vya Marekani huzipeleka kila mwaka katika Wizara ya Elimu ya shirikisho, mwanafunzi aliyeingia kwa viza ya masomo hahesabiwi kwa rangi wala asili yake, bali huwekwa katika safu ya peke yake ya wasio wakazi wa Marekani. Maana yake ni kwamba kwenye majani ya maktaba wewe ni mwanafunzi mweusi, lakini katika jedwali la chuo la wanafunzi weusi humo. Mtu anayeitazama picha ile na kudhani kwamba inaeleza jinsi chuo kinavyowadahili Wamarekani weusi anapotoshwa, ingawa wewe mwenyewe hukudanganya na mpiga picha hakudanganya. Ningekuwa wewe ningelitafuta jedwali hilo, ambalo vyuo vingi hulitangaza, nikaliweka kando ya picha kabla sijajibu barua pepe yoyote. Litazame pamoja na viwango vya kuhitimu, ambavyo sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inavitaka vyuo vivitangaze. Udahili unaonyesha walioingia tu, na chuo kinaweza kujisifu kwa mlango mpana wakati upande wa nyuma watu wanatoka bila shahada.

Kuhusu picha zenyewe, lipo tukio ambalo katika kazi yetu lilikuwa likitajwa kama onyo. Mwaka 2000 iligundulika kwamba Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison kilikuwa kimechukua picha ya mwaka 1993 ya mashabiki weupe kwenye mchezo wa mpira wa Kimarekani, kikaupachika ndani yake uso wa mwanafunzi mweusi, Diallo Shabazz, na kuiweka kwenye jalada la kijitabu cha kuombea udahili. Shabazz hakuwa amehudhuria hata mchezo mmoja. Chuo kiliomba radhi, lakini yeye alishikilia kwamba radhi haitoshi, akataka fedha zitengwe kwa ajili ya kuwadahili na kuwahudumia wanafunzi wa jamii ndogo. Wewe hukupachikwa kwa kompyuta, uliitwa ukaenda kwa miguu yako, ila swali la Shabazz linakufaa vilevile: ikiwa uso wangu unahitajika hapa, bajeti yake iko wapi?

Ushauri wangu ni kwamba usikatae kusimama, bali ukatae kusoma. Waambie utazungumza dakika zako mbili kwa maneno yako mwenyewe, kwa jina lako na cheo chako, na kwamba utafurahi kuwaonyesha rasimu mapema ili wakusahihishe pale ambapo umekosea ukweli. Ofisi ya mawasiliano ambayo haiwezi kuvumilia hilo itakuwa imekujibu swali lako la kwanza.

Jibu la pili, kutoka kwa Mstaafu_wa_Baraza

Nakubaliana na Karani kwa sehemu kubwa, lakini naona ameyadharau mno maneno matupu. Nimekuwa rais wa wanafunzi, na nilichojifunza ni kwamba chuo kikishaandika jambo, hata kwa ulegevu, kimekupa karata mkononi. Ahadi isiyo na tarehe bado ni ahadi, na kazi ya kiongozi ni kurudi nayo kikao baada ya kikao, akiisoma kwa sauti mbele ya walioiandika, mpaka waone haya au waitekeleze.

Chukueni mfano wa Chuo Kikuu cha Georgetown, huko huko Marekani. Mwaka 1838 mapadre Wajesuiti wa Maryland waliokuwa wakikiendesha chuo hicho waliwauza watumwa 272, na sehemu ya fedha hizo ikasaidia kulipa madeni ya chuo. Chuo kililikiri jambo hilo hadharani, kikaomba radhi mwaka 2017, na majengo mawili yakapewa majina mapya. Wanafunzi wangeweza kupiga makofi wakaenda madarasani. Badala yake waliyachukua maneno ya radhi na kuuliza yanadai nini, na Aprili 2019 serikali ya wanafunzi ikaendesha kura ya maoni kuhusu kuongeza ada ya dola 27.20 kwa kila mwanafunzi kila muhula, ili fedha hizo ziwanufaishe wazao wa wale waliouzwa. Kura 2,541 zilikubali na 1,304 zilikataa. Kura hiyo haikukifunga chuo kisheria, na chuo hakikuitekeleza kama ilivyopigwa, ila baadaye mwaka huohuo kilitangaza kwamba kitachangisha takriban dola 400,000 kwa mwaka kwa ajili ya miradi ya wazao hao. Wapo walioudhika kwamba tozo ya pamoja iligeuzwa kuwa mchango wa hiari, na nadhani walikuwa na hoja. Hata hivyo, mazungumzo yalikuwa yametoka kwenye majina ya majengo yakafika kwenye fedha, na walioyasogeza ni wanafunzi.

Nikuonye pia kuhusu upande wa pili, kwa sababu viongozi wa wanafunzi nao hutoa matamko. Katika Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 2015, rais wa wanafunzi aliandika mtandaoni jinsi alivyotukanwa kwa sababu ya rangi yake, na maandishi yake yakasomwa nchi nzima. Maandamano yakafuata, mwanafunzi mmoja akagoma kula, wachezaji wa timu ya mpira wa Kimarekani wakakataa kucheza, na tarehe 9 Novemba rais wa mfumo wa vyuo vya Missouri akajiuzulu. Usiku uliofuata kiongozi huyohuyo wa wanafunzi alitangaza kwamba Ku Klux Klan, kikundi cha Wamarekani weupe wabaguzi, kimeonekana chuoni, habari ambayo haikuwa ya kweli, na ikambidi aombe radhi. Hapo aliwapa waliokuwa wakimpinga kitu cha kushika kwa miezi. Tukikitaka chuo kiwe sahihi katika kila neno, basi na sisi tuwe hivyo.

Jibu la tatu, kutoka kwa Mwanafunzi_wa_Jioni

Samahani kama nitaonekana mkali. Mimi nasoma jioni na kufanya kazi mchana, na katika miaka mitatu sijawahi kumwona kiongozi yeyote wa wanafunzi akifika katika jengo letu baada ya saa moja usiku, isipokuwa wiki ya kampeni. Vikao vya baraza vinafanyika saa tisa alasiri, ambapo mimi niko kazini, fomu ya kugombea inadai saini za watu ambao sina muda wa kuwatafuta, na chumba cha mikutano kiko ghorofa ya pili ya jengo ambalo lifti yake, nilipojaribu mwisho, ilikuwa imebandikwa karatasi ya kusema ni mbovu. Ndugu Makamu anaumia kwamba chuo kinasema kila sauti inasikika wakati si kweli. Naomba ajiulize kama baraza lake nalo halisemi hivyohivyo.

Makamu_wa_Wanafunzi anajibu

Mwanafunzi wa Jioni, umenigusa pale pale, na sina utetezi kuhusu saa za vikao. Tuliirithi ratiba hiyo tukaiacha kwa sababu ilitufaa sisi. Karani, nimelitafuta jedwali ulilolitaja nikalipata, na ni kweli wanafunzi wa kimataifa tuko safu ya peke yetu. Nililitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Nina swali la nyongeza. Nilipomwambia mtu wa ofisi ya mawasiliano kwamba ningependa kukitaja kile kituo kilichopunguziwa wafanyakazi, alinijibu kwa upole kwamba "sheria za sasa haziruhusu" na kwamba yeye mwenyewe hajui mipaka iko wapi. Je, hofu hiyo inatuhusu na sisi wanafunzi?

Jibu la nne, kutoka kwa Mfuatiliaji_wa_Sheria

Hofu hiyo ina chanzo, lakini mara nyingi hunyooshwa hadi mahali isipofika. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi zilizovihusu Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, kwamba vyuo haviwezi kuitumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha udahili. Uamuzi huo ulihusu udahili, haukuhusu hotuba ya kiongozi wa wanafunzi. Mbali na uamuzi huo, baadhi ya majimbo yalitunga sheria zinazovigusa vyuo vya umma moja kwa moja. Ya Texas, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, ilipiga marufuku ofisi za utofauti, usawa na ujumuishaji, lakini ndani yake imeacha nje ufundishaji darasani, utafiti, na shughuli za vyama vya wanafunzi vilivyosajiliwa. Majimbo mengine yana sheria za sura tofauti, kwa hiyo usome ya jimbo lako mwenyewe, kwenye tovuti ya bunge la jimbo, wala usitegemee muhtasari wa mtu aliyekuambia kwamba hajui mipaka. Nimeona mara kadhaa sheria inayokataza ofisi ikitajwa kama sababu ya kumnyamazisha mtu ambaye haihusiani naye hata kidogo, na sidhani kwamba mara zote ni kwa nia mbaya. Mtumishi mwenye hofu hukataza zaidi ya alichokatazwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kukataza kupita kiasi.

Tofautisha pia nani anazungumza. Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1967 kilitoa ripoti maarufu iliyosema kwamba wakosoaji wa jamii ni mwalimu mmojammoja na mwanafunzi mmojammoja, na kwamba chuo chenyewe huwapa makazi lakini si mkosoaji. Katika miaka ya karibuni vyuo vingi vimeifuata njia hiyo ya kujizuia kutoa matamko. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia, lakini tazama inakokupeleka wewe: chuo kikijinyamazia kwa msingi huo, hakiwezi kwa msingi huohuo kukunyamazisha wewe, maana ripoti ileile inakuhesabu miongoni mwa wenye kauli. Na katika chuo cha umma, Katiba ya Marekani inakilinda unachokisema kwa jina lako. Isichokupa ni haki ya kutumia kamera yao na ukurasa wao. Video ni yao, kwa hiyo wanaweza kukataa kuirusha. Kauli ni yako, nawe unaweza kuitoa penginepo.

Jambo la mwisho ni la wajibu wenu. Mwaka 2000, katika kesi iliyohusu ada za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba chuo cha umma kinaweza kuwatoza wanafunzi wote ada ya kugharimia shughuli zao, mradi fedha zigawiwe vyama bila kuangalia vina mtazamo gani. Kama baraza lako linagawa fungu hilo, basi hamna uhuru wa kukipunguzia chama fulani kwa sababu msimamo wake kuhusu utofauti unawaudhi, hata kama mnaudhika kwa haki.

Makamu_wa_Wanafunzi anajibu

Nawashukuru wote. Nimewaandikia ofisi ya mawasiliano leo asubuhi kwamba nitasimama mbele ya kamera kwa maneno yangu, nikawatumia rasimu ya sentensi kumi na moja. Mojawapo inasema kwamba kituo cha wanafunzi ambao ni wa kwanza katika familia zao kufika chuoni kina mfanyakazi mmoja, kwamba mwaka jana walikuwa wawili, na kwamba baraza litaliuliza suala hilo katika kikao cha bajeti cha mwezi ujao. Nyingine inasema kwamba kuanzia muhula huu kikao kimoja kati ya kila viwili kitafanyika saa mbili usiku katika jengo la madarasa ya jioni, ghorofa ya chini. Hiyo ya pili niliipeleka kwanza kwa baraza, ikapita kwa tofauti ya kura tatu, baada ya mabishano ambayo hayakunifurahisha.

Ofisi imejibu kwamba wanazipenda sentensi tisa.

Jibu la tano, kutoka kwa Karani_wa_Matamko

Tisa kati ya kumi na moja si haba. Katika miaka yangu yote sikumbuki rasimu yangu iliyowahi kutoka na zaidi ya nusu yake. Waombe wakutajie kwa maandishi, si kwa simu, ni sentensi zipi mbili na kwa sababu gani. Ile ya kituo nakisia imo. Wakikwambia kwamba idadi ya wafanyakazi si sahihi, isahihishe mara moja na uwashukuru. Wakikwambia kwamba ni sahihi lakini haifai kwenye video ya kuwakaribisha wageni, basi wape hizo tisa, na ile ya kituo uiweke kwenye ajenda ya kikao cha bajeti ikiwa na jina lako, kwa kuwa huko ndiko mtu wa fedha atakakolazimika kukaa na kuisikiliza.